Tundu la Kidari

Mshale ulipita. Ulipita kiulaini, ukatokea upande wa pili wa mfupa, na Sajini Pulupaki akaangua kicheko hadi karatasi zikaruka mezani.

"Haya! Ufunguo na kufuli yake! Kuna mwenye swali?"

Koplo Toakase alikuwa na maswali kama kumi na mawili hivi, na yote yalikuwa yanasukumana kutoka mdomoni kwa wakati mmoja. Alikuwa na miaka ishirini na saba, mtu wa kwanza katika kituo kizima cha polisi cha Talihala kusomea mifupa, miaka miwili mizima huko Suva, na tangu arudi kisiwani kwao Vava'u hajawahi kuletewa hata jino. Na sasa mezani kalazwa mtu mzima kabisa! Au karibu mzima.

"Sajini, uchomoe polepole, nakuomba. Utakwaruza ukingo."

"Ukingo!" Pulupaki alimgeukia Samisoni, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na kofia magotini. "Kaka yako kachomwa mshale wa samaki kifuani, huyu binti wa Suva ananiambia ukingo!"

Samisoni hakucheka. Alikuwa anautazama mfupa wa kidari, bapa kama tai ya kanisani, na lile tundu la duara lililotobolewa chini kidogo ya katikati. Siku tisa zilizopita katapila la barabara lilikata pembe ya shamba la viazi vikuu la Manase na kuibua mifupa hii. Kijiji kizima kikasema jina moja tu: Lisiate, kaka yake Samisoni, baharia, aliyepotea miaka ishirini na minne iliyopita. Wiki ileile alipotea pia Fusi, dada yake Manase. Enzi zile watu walisema wawili hao wametoroka pamoja kwa meli. Sasa walisema vingine: Manase alimuua baharia, na dada mtu akakimbia peke yake kwa uchungu.

Mtaalamu wa ng'ambo, aliyetumiwa picha na vipimo, alijibu kwa ukurasa mmoja: mifupa minene, mirefu, mwanamume, miaka ishirini na mitano hadi arobaini na mitano, tundu kifuani la kuchunguzwa. Mshale wa chuma wenyewe, pamoja na bunduki yake ya mpira ya kuvulia samaki, vilikutwa vinaning'inia jikoni kwa Manase.

Na saa nane mchana hakimu angefika kwa boti. Angesoma shitaka la mauaji, halafu Manase angerudi naye kwa boti hiyohiyo kwenda gereza kuu. Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na nusu asubuhi.

"Na taya," Pulupaki aliendelea, akiwa na raha zake. Aliweka taya juu ya meza na kuligusa kwa kidole. Likabembea mbele na nyuma, mbele na nyuma, kama kiti cha bibi kizee. "Ona! Taya la ukoo wao hili. Baba yao alikuwa na kidevu hikihiki."

"Sajini, taya la hivyo analo karibu kila mtu visiwani huku. Ukifa wewe, lako nalo litabembea."

"Langu limeshaanza," alisema Samisoni kwa sauti ndogo, "kila nikilewa kava." Na hapo ndipo wote watatu walipocheka kidogo, halafu wakanyamaza kwa aibu, maana marehemu alikuwa mbele yao juu ya gazeti.

"Mlete Manase," Pulupaki aliamuru. "Aangalie kazi yake."

Manase aliletwa na askari mmoja. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mabega mapana, nywele zimepakwa mafuta ya nazi kama mtu anayekwenda ibadani. Tangu akamatwe hakuwa amesema neno lolote. Aliingia, akaona meza, akaona kilichokuwa mezani.

Hakushtuka wala hakutetemeka. Aliinamisha kichwa, akarudi kinyumenyume hatua tatu hadi nje ya mlango, akaketi chini barazani na kuwapa mgongo. Kutoka huko nje akauliza, polepole, sentensi yake ya kwanza kwa siku tisa:

"Amelala juu ya nini?"

Askari alimwinua na kumrudisha mahabusu.

"Umeona?" Pulupaki alimnong'oneza Toakase, macho yanang'aa. "Mwenye hatia haangalii. Nimefanya kazi hii miaka thelathini, binti."

Toakase alikuwa ameona. Alichoona hakukielewa, lakini kilimkwama kichwani kama mwiba wa samaki kooni. Kinyumenyume? Mtu anayeogopa mifupa anageuka na kukimbia. Nani anatoka chumbani kinyumenyume, kichwa chini, taratibu namna ile?

"Sajini, nipe hadi saa nane."

"Ya nini?"

"Nikubomolee kesi yako."

Pulupaki alimtazama, akatazama mshale, akacheka tena. "Chukua. Ukishindwa, wiki nzima unachemsha chai ya kituo."

*

Zahanati ilikuwa ng'ambo ya uwanja, na nesi Kalolaine alikuwa na meza ndefu, taa kali na mdomo usiopumzika. Alikuwa amezalisha nusu ya kijiji, Toakase akiwemo, na hakumruhusu mtu asahau. Toakase aliingia na sanduku la mifupa, mshale na bunduki juu yake.

"Weka hapo, mwanangu. Siyo hapo, hapo ni pa dawa! Eh, huyu naye alikuwa na mapaja! Utadhani yangu."

"Mama Kalolaine, nahitaji kidari cha nguruwe. Kibichi."

"Kula mapema yote hii?"

"Cha kupiga mshale."

Kalolaine alifikiri kidogo. "Kwa kina Maikolo wamechinja leo, kuna harusi kesho. Si kaka yako huyo? Mpigie simu."

Nusu saa baadaye Maikolo alifika. Yaani, sauti yake ndiyo iliyofika. Alisimama nje chini ya dirisha, akauliza kwa adabu zote kama Toakase yumo ndani, na Kalolaine aliposema yumo, hakusogea hata hatua moja zaidi. Kifurushi cha majani ya ndizi kiliinuliwa na mkono na kuwekwa dirishani.

"Nyama hiyo hapo, nesi," alisema, mgongo kaugeuzia dirisha. "Mwambie pole na kazi."

"Si umwambie mwenyewe, yuko mita mbili!" Kalolaine alimtania.

Maikolo alikuwa ameshaondoka. Kama kila kaka visiwani huku, tangu alipofikisha miaka kumi na miwili hajalala nyumba moja na dada yake, hajafanya mzaha mbele yake, na kama redio ikipiga wimbo wa mapenzi na dada yupo, ni yeye anayenyanyuka na kutoka. Kwa Toakase hilo lilikuwa kama jua kuchomoza. Wala hakulifikiria. Alishakata majani ya ndizi kwa kisu.

Walikitegemeza kidari cha nguruwe kwenye shina la mnazi nyuma ya zahanati, kikiwa bado ndani ya nyama yake. Toakase alivuta mpira wa bunduki ya Manase hadi mikono ikatetemeka, akafyatua kutoka hatua nne. Mshale ulipiga kwa mlio wa kuni inayopasuka. Mbuzi wa jirani aliruka uzio.

"Mungu wangu!" Kalolaine alishika kifua chake mwenyewe.

Toakase alikimbilia mnazini, akachomoa mshale, akakikwangua kidari nyama na kukiosha, akarudi ndani mbio na kuvilaza vidari viwili chini ya taa, cha nguruwe na cha mtu, ubavu kwa ubavu.

"Mama, njoo uone. Njoo, njoo, njoo!"

"Nakuja, nina magoti mawili tu."

"Cha nguruwe kimefanyaje?"

"Kimepasuka. Nyufa tatu. Na nyuma kimemeguka, kimetoa vipande. Ndani naona kama mkate, vitundu vitundu."

"Na hiki?"

Kalolaine alivaa miwani, akaitoa, akaivaa tena. "Hakina ufa hata mmoja. Ukingo laini kama mdomo wa kikombe. Na ule mkate wa ndani hauonekani, mfupa mgumu umezunguka tundu lote." Alikisogeza karibu na taa. "Limefungwa kama… kama limeshonwa."

"Halijatobolewa!" Toakase alikuwa anarukaruka, kweli anarukaruka, kanda mbili zinapiga sakafu. "Amezaliwa nalo! Kidari cha mtoto mchanga kinakuwa vipande vipande, kinaungana kidogo kidogo akikua, na kwa watu wengine katikati hapaungani. Tundu linabaki. Katika watu ishirini pengine mmoja analo, na anakufa mzee bila kujua. Tulifundishwa, na nikasahau, na nimekumbuka!"

"Sajini atasema lilikuwa jeraha, likapona."

"Nyuma ya hapo kuna moyo, mama. Mshale ukipita pale hupati nafasi ya kupona."

Kalolaine alikaa kitini kwa kishindo. "Kwa hiyo Lisiate hakuuawa."

"Kwa hiyo tundu siyo la mshale. Basi. Kuhusu Lisiate bado."

*

Saa tano. Gunia la udongo wa kaburini lilikuwa bado limefungwa vilevile lilivyoletwa kutoka shambani. Askari walikuwa wameokota mifupa mikubwa tu, ya kupigwa picha. Nyonga zilisagwa na meno ya chuma, na kwa hiyo yule wa ng'ambo hakuwahi kuziona. Toakase alichukua chekecho la unga la Kalolaine (ugomvi mdogo hapo) na kuanza kuosha udongo kwa ndoo.

Konzi ya kwanza ya udongo, mizizi. Ya pili, kokoto nyeusi, ndogo, za duara. Ya tatu, kokoto nyeusi tena. Alizisugua kwa kidole. Hazikuwa za shambani, udongo wa shamba lile hauna jiwe. Zilikuwa zinateleza, nyeusi hadi ndani, kama zile zinazokusanywa ufukweni na ndugu wa marehemu, zikasuguliwa kwa mafuta moja baada ya nyingine, zikamwagwa juu ya kaburi.

"Mama Kalolaine. Muuaji anamwekea mtu kokoto za mafuta?"

Nesi aliacha kunung'unikia chekecho lake. "Hizo ni za mtu anayependwa."

Konzi ya sita ikatoa kipande cha mfupa kikubwa kama kiganja, kimegandwa na tope. Toakase alikiosha, akakigeuza, na moyo ukamlipuka. Nyonga! Upande wa nyuma, mahali penye lile pengo lililopinda kama ndoana. Aliingiza kidole gumba kwenye pengo. Kwa mwanamume kidole kinabanwa. Hiki kilicheza. Kilicheza huku na huku kwa raha zake.

Alisita. Alama moja ni alama moja. Mifupa ina ukaidi wake, kuna wanaume wenye pengo pana na wanawake wenye jembamba, na mwalimu wa Suva alikuwa anakata alama kwa yeyote aliyetamka "hakika" mapema. Alirudi kwenye ndoo. Konzi ya nane ikampa kipande cha mbele, pale nyonga mbili zinapokutana chini ya tumbo.

"Mama, wewe umezalisha miaka mingapi?"

"Arobaini na moja."

"Fumba macho. Shika hivi. Niambie."

Kalolaine alifumba macho. Vidole vyake vinene vilipita juu ya vipande viwili taratibu, vikapima, vikarudi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa kimya kabisa. Kisha akafumbua macho, na yalikuwa na maji.

"Mtoto anapita hapa," alisema. "Huyu ni mwanamke, Toakase. Hii njia naijua gizani."

"Na mapaja manene?"

"Si nilikwambia kama yangu! Huyo mtaalamu aje anipime na mimi, ataniandika mzee wa kanisa. Ana vipimo vya wanawake wa kwao, wamekula nini wale?"

Toakase hakungoja. Alichukua mifupa ya miguu. Kwenye kifundo cha kushoto, ukingo wa mbele ulikuwa na kibapa kilichong'arishwa kwa kukunjwa. Cha kulia hakikuwa nacho, au kilikuwa kidogo mno. "Kaa chini, mama. Kaa kama unasuka mkeka."

Kalolaine alishuka sakafuni kwa malalamiko, akakunja miguu yote miwili upande mmoja, kama wanawake wote wanavyokaa. Kifundo kimoja kilibanwa chini yake, kingine kikapumzika.

"Wanaume wanakunja yote miwili sawasawa mbele yao," alisema Toakase. "Huyu alikaa upande mmoja. Mchana kutwa, miaka. Peke yake isingetosha, lakini pamoja na nyonga… Na ona mtulinga, mfupa huu wa chini ya shingo, ncha hii ya ndani ndiyo kwanza ilikuwa inaungana. Hajafika thelathini. Lisiate alikuwa na miaka mingapi?"

"Thelathini na nane. Nilimchoma sindano mwenyewe, alilia."

Walitazamana. Nje, majogoo na redio ya mtu. Mwanamke, msukaji pengine, chini ya thelathini, kazikwa kwa kokoto za mafuta kwenye shamba la Manase. Na pale dirishani bado pameachwa majani ya ndizi ya Maikolo, ambaye hakuingia ndani kwa sababu dada yake yumo.

Toakase alisimama wima kama amepigwa na umeme.

"Alitoka," alisema.

"Nani?"

"Manase! Alitoka chumbani! Kichwa chini, kinyumenyume, akakaa nje akatugeuzia mgongo. Mama, hakuogopa mifupa. Alitoka kama Maikolo anavyotoka! Alimkuta dada yake yumo chumbani, akatoka!"

Kalolaine aliziba mdomo kwa mikono miwili.

"Fusi," alisema ndani ya vidole. "Yesu wangu. Fusi hakwenda popote."

"Lakini kwa nini anyamaze? Mwenyewe anajua siyo Lisiate. Neno moja tu lingemtoa. Anakwenda gerezani maisha yake yote kwa kuogopa kusema neno moja. Neno gani hilo ambalo kaka hawezi…" Toakase alijikatiza. Alilijua. Kila mtu kisiwani angelijua. Kulikuwa na jambo moja tu, la mimba na uzazi, ambalo kaka hawezi kulitamka juu ya dada yake, hata mbele ya hakimu, hata kwa kamba shingoni. "Mama, mwaka ule kuna lolote unalolikumbuka kwa mama yao? Lolote."

"Marehemu Hengihengi? Mbona alikuwa mtu wa kawaida, ila tu ile ya nguruwe." Kalolaine alianza kucheka kwa mazoea. "Alikuja hapa kuniomba maziwa ya kopo ya watoto. Makopo matatu! Namuuliza ya nani, ananiambia kuna kitoto cha nguruwe kimefiwa na mama. Nilicheka mwezi mzima, nikamwambia kila…"

Kicheko kilikatika katikati kama uzi.

"Kimefiwa na mama," alirudia Toakase polepole.

*

Saa saba na dakika ishirini. Alivuka uwanja mbio, mkeka wa heshima aliojifunga kiunoni juu ya sare umelegea, vidari viwili na mshale mkononi, kokoto mfukoni. Kalolaine alifuata nyuma na sanduku la mifupa, anamwita Mungu kila hatua tano.

"Sajini! Ni mwanamke!"

"Nani?"

"Marehemu! Na tundu ni la kuzaliwa. Angalia hiki, cha nguruwe, nimekipiga mwenyewe. Nyufa, vipande. Angalia hiki. Ukingo, Sajini! Ule ukingo!"

Pulupaki aliangalia. Aliuchukua mshale, akaangalia tena. Alikuwa mtu wa makelele lakini hakuwa mjinga, na Toakase aliona uso wake ukibadilika kidogo kidogo, kama mtu anayehesabu viazi na kukuta vimepungua. Alipitisha kidole gumba kwenye pengo la nyonga kama alivyoelekezwa. Kikacheza.

"Mama Kalolaine, na wewe unasema hivyohivyo?"

"Ningekuzalisha hata wewe kupitia hapo, na kichwa chako hicho."

Samisoni alikuwa amenyanyuka kutoka kwenye benchi. Kofia ilianguka na hakuiokota. "Kwa hiyo siyo yeye? Kwa hiyo kaka yangu…" Hakuthubutu kumalizia.

"Siyo yeye. Zaidi ya hapo sijui bado. Sajini, nina ombi. Toa wanaume wote kwenye korido ya mahabusu."

"Mimi ni mkuu wa kituo."

"Wewe ni mwanaume, Sajini."

Pulupaki alifungua mdomo. Akatazama sanduku, akatazama barazani pale Manase alipokuwa amekaa asubuhi na mgongo wake, na taratibu sana akaelewa. Alivua kofia. "Nitampigia hakimu simu," alisema. "Nimwambie shitaka la mauaji halipo." Akatoka, akamvuta Samisoni kwa mkono.

Toakase aliketi sakafuni mbele ya mlango wa Manase, miguu upande mmoja, mgongo kwenye mbao. Chini ya mlango palikuwa na upenyo wa vidole viwili.

"Baba Manase, ni Toakase, binti wa Semisi. Niko peke yangu na sikutazami. Sikuulizi kitu cha kusema. Nina mawe matatu. Nikisema ukweli, nirudishie. Nikikosea, baki nalo."

Alisukuma jiwe la kwanza chini ya mlango.

"Yule uliyemwachia chumba asubuhi ni yule ambaye ungemwachia siku zote."

Alihesabu pumzi zake. Tisa. Kumi. Kisha kitu kikagusa vidole vyake. Jiwe lilikuwa limerudi.

Alisukuma la pili. "Hakuna mkono uliompiga. Alikwenda katika kazi ya wanawake. Mama yenu alikuwa naye, akamwosha, akamlaza. Wewe uliokota mawe tu."

Mara hii ilichukua muda mrefu. Ndani kulisikika mtu akipumua kama anayebeba mzigo kupanda kilima. Jiwe likarudi. Lilikuwa na maji juu yake.

La tatu. Samisoni na kofia yake walikuwa nje ya ukuta, wanasubiri bila kujua wanasubiri nini.

"Kile kilichonywa maziwa ya makopo kiliishi. Baba yake alikichukua, akapanda nacho meli. Wote wawili wapo."

Toakase aliweka kiganja karibu na upenyo. Alisikia msuguo mdogo, wa mviringo, unaendelea, unaendelea, na hakujua ni nini hadi jiwe lilipoteleza kiganjani mwake. Lilikuwa linang'aa. Lilinukia nazi. Manase alikuwa amelisugua kwa mafuta ya nywele zake, kama lile la kwanza kabisa, miaka ishirini na minne nyuma.

Toakase aliuma mdomo asipige kelele za furaha. Hai! Mahali fulani kuna mtu wa miaka ishirini na minne, mwenye kidevu kinachobembea, na hajui kwamba ana kijiji kizima! Alishaanza kunyanyuka akamwambie Samisoni, alishapanga na ripoti kichwani, ya mifupa tu na hakuna neno jingine, pale sauti ilipotoka chini ya mlango, ileile ya asubuhi.

"Amelala juu ya nini?"

Akakwama. Asubuhi, mezani kwa sajini, juu ya gazeti la juzi; sasa, ndani ya sanduku.

"Nisubiri," alisema.

Alikimbia. Alifungua kamba kiunoni, akavua mkeka wake, ule wa kazini, mwembamba, laini kwa uzee, aliousuka bibi yake, na bila mkeka huo hata barabarani asingetoka. Waliutandaza na Kalolaine juu ya meza. Wakampanga Fusi juu yake, mfupa baada ya mfupa, kichwa hadi kifundo cha kushoto. Kidari alikiweka mwisho, tundu lake juu.

Alirudi koridoni, akaketi, akapumua.

"Yuko juu ya mkeka, baba. Wa bibi yangu. Mwembamba sana, unapita kwenye pete."

Nje boti ya hakimu ilikuwa inapiga honi. Ndani ya mlango Manase akakohoa, kama mtu anayejaribu sauti ambayo hajaitumia siku nyingi.

"Aliousuka yeye," alisema, "ulikuwa mwembamba kuliko huo."